Dirisha Lililokwenda Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Skrini mpya zimefika. Kila meza ya chumba cha ramani imepata ya pili. Kushoto daftari la viwanja, kulia ramani yenyewe, hakuna tena kufungua hiki na kufunga kile. Nilizipangusa zangu mbili kwa kitambaa cha miwani, ingawa sina miwani.

Habari kubwa zaidi: Mkuu ametangaza kwamba chumba chetu kitapata msimamizi. Atatajwa Ijumaa. Anataka mtu anayetatua matatizo bila kusubiri kuitwa. Alisema hivyo akinitazama mimi. Au saa ya ukutani, ambayo iko juu ya kichwa changu.

Mshindani ninaye mmoja tu: Bibi Masijala. Meza yake iko mlangoni mwa chumba cha mafaili, na mafaili hayo ameyatunza miaka kumi na tisa. Hapandishi sauti, hachelewi, hana adui. Mtu wa namna hiyo ni hatari.

Jioni mama mkwe alipiga simu. Kama kawaida, kwanza habari za mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada yake mke wangu: kapandishwa tena, kapewa ofisi yenye mlango. Kisha akauliza, na wewe baba, kazini vipi? Nikausikia mdomo wangu ukijibu kwamba mimi ndiye msimamizi mpya wa chumba cha ramani. Alifurahi. Alifurahi kupita kiasi! Anakuja Jumamosi kunipongeza, na mwanyumba atamleta. Mke wangu alikuwa anamenya vitunguu. Alizidi kumenya kwa nguvu.

Basi cheo lazima nikipate. Si tamaa tena, ni heshima ya nyumba.

Jumanne, 4 Machi

Nimenyang'anywa skrini. Mkuu anazo mbili, ametaka ya tatu kwa ajili ya barua pepe. Fundi wa kompyuta akaambiwa achague meza ya kuitoa, naye akachagua yangu kwa sababu iko karibu na mlango. Akachomoa waya, akaikumbatia, akaenda zake.

Ikaenda na ramani yangu. Nilikuwa nimeifungua kwenye skrini hiyohiyo. Chini ya kioo alama yake inaonyesha kwamba imefunguka. Ukibofya, huoni kitu. Nikaifunga, nikaifungua. Vilevile. Nikazima kompyuta mara tatu. Nikaipiga kofi la upole. Mpima Mrefu, anayekaa nyuma yangu, akauliza kama niko salama. Nikamjibu kwamba naikagua.

Mchana nikamfuata Fundi chumbani kwake. Alinieleza bila kuacha kutafuna. Kumbe kompyuta haijui kwamba skrini imeondoka. Inaendelea kuliweka dirisha la ramani upande wa kulia, kwenye kioo ambacho hakipo. Halijapotea, limetoka nje ya ukingo. Dawa yake: shika Alt, gonga Tab mpaka ulichague. Halafu Alt pamoja na kile kitufe kirefu cha nafasi. Halafu M. Halafu mshale wa kushoto mara moja, kisha sogeza kipanya, na dirisha litakuja limekishikilia. Bofya, uliache.

Nilirudi nikajaribu. Ramani ikaingia kutokea pembeni, taratibu, viwanja mia mbili na ushee. Machozi yalinilengalenga.

Nilikuwa nimemwuliza Fundi nani mwingine anaijua dawa hii. Alisema hakuna aliyewahi kumwuliza. Sikulala vizuri kwa furaha.

Jumatano, 5 Machi

Mpima Mrefu alijikwaa kwenye waya wake, skrini yake ya pili ikazimika na dirisha lake likatoweka. Nilimsikia akihema. Nikainuka, nikakunja mikono ya shati, nikamwomba asogee. Kibodi niliifunika kwa mkono wa kushoto, nikabonyeza kwa wa kulia, asije akaiba elimu. Sekunde nne tu. Akaniita daktari, mbele ya chumba kizima! Mkuu alikuwa anapita. Alisimama, akasema vizuri, akaendelea na safari yake ya chooni.

Tatizo ni kwamba daktari bila wagonjwa ni mtu mwenye koti tu. Siwezi kukaa nikiomba watu wajikwae mpaka Ijumaa. Nikawaza. Ile M inayorudisha dirisha ndani, ukibonyeza mshale wa upande wa pili, inalitoa nje pia. Nimelijaribu hilo kwenye mashine yangu mara sita. Linafanya kazi kama mlango usio na kitasa.

Faida nyingine. Shajara hii huiandika humuhumu kwenye kompyuta ya kazini, mambo ya jioni na usiku nikiyaongeza asubuhi, na zamani niliifunga kila mtu alipopita. Sasa naisukuma tu kulia, kwenye ile skrini isiyokuwepo. Anayesimama nyuma yangu anaona ramani na bidii. Na juu kabisa ya ukurasa nimeyanakili maelekezo ya Fundi kwa herufi kubwa, nisije nikayasahau siku ya vita.

Alhamisi, 6 Machi

Chai ni saa nne na nusu. Wote huenda, na hakuna anayefunga mashine yake. Mimi nilibaki nikisingizia tumbo. Meza saba, dakika kumi na moja. Daftari la viwanja la kila mtu nililipeleka nje ya ukingo, la Bibi Masijala mbali kuliko yote.

Waliporudi, nikatulia nikihesabu hadi ishirini. Kilio cha kwanza kilitoka meza ya dirishani, cha pili ya pembeni, kisha vikaja kwa mkupuo. Nilizunguka kama mganga wa zamu. Wa kwanza alinishukuru, wa pili alinipa biskuti, wa tatu alisema hajui chumba hiki kingekuwaje bila mimi. Mpima Mrefu aliuliza mbona ugonjwa huu umezuka leo kwa wote. Nikamwambia ni joto.

Bibi Masijala hakuniita. Nilipita mezani kwake mara tatu, nikikohoa. Daftari lake lilikuwa mahali pake, yeye anaandika. Nikamwuliza kama mambo yako sawa.

"Sawa tu, kaka," akasema. "Na tumbo?"

Sijui alifanyaje. Si neno. Saa kumi Mkuu aliniita ofisini. Kasikia sifa zangu. Kesho, kabla ya kutaja msimamizi, anataka mimi ndiye niwaonyeshe wote ramani mpya ukutani kwa projekta. Mimi! Nilimpigia mke wangu simu papo hapo. Akaniuliza kama nimepewa cheo. Nikasema bado kidogo tu. Akasema basi bado.

Ijumaa, 7 Machi

Leo naandika kwa kalamu, kwenye daftari la mazoezi. Sababu ni kama ifuatavyo.

Kikao kilikuwa saa nane. Viti vyote vilijaa, na wengine wa vyumba vya jirani walisimama nyuma. Mashine iliyotumika ilikuwa yangu. Fundi akaleta projekta, akachomeka waya wake kwenye tundu lilelile alipochomoa skrini yangu Jumanne. Kompyuta ikaona upande wake wa kulia umerudi. Kila kilichokuwa kimekaa huko kikatokea ukutani.

Kilichokuwa kimekaa huko ni shajara.

Mimi nilikuwa nimeugeuzia ukuta mgongo, macho kwenye kioo changu, ambapo kulikuwa na ramani safi kabisa. Nikaeleza mipaka ya kaskazini kwa dakika nzima. Ule ukimya nikaudhani ni heshima.

Mkuu hakuwa na miwani yake. Akamwomba Bibi Masijala amsomee hayo maandishi makubwa. Naye akasoma, kwa sauti ileile anayosomea namba za mafaili, haongezi wala hapunguzi. Akaanzia juu kabisa: Alt, Tab, kitufe kirefu cha nafasi. Nikageuka. Vidole vyangu vikazitafuta Alt na M, vikashindwa hata kuipata A. Nikaruka kwenye waya, nikachomoa. Ulikuwa wa feni.

Mpima Mrefu alinyoosha mkono. Nilijua sasa nitatukanwa.

"Dada, hapo kwenye maelekezo soma taratibu," akasema. "Wengine tunaandika."

Waliandika. Chumba kizima! Siri iliyonigharimu usingizi wa siku tatu, waliimaliza kwa dakika mbili. Kisha Bibi Masijala akaendelea chini: saa ya ukutani, mama mkwe, safari ya chooni ya Mkuu, meza saba, tumbo. Kwenye biskuti watu walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Fundi ndiye aliyenihurumia akazima projekta, lakini alisubiri kwanza ukurasa uishe.

Mkuu alizungumza kwa ufupi. Alisema tangu Jumatano jioni Bibi Masijala alishamwendea Fundi, akajifunza, akaandika karatasi, akamletea yeye Mkuu kuomba ruhusa ya kuibandika ubaoni ili kila mtu ajirudishie dirisha lake mwenyewe. Alikuwa bado hajaamua kati yetu wawili. Sasa ameamua. Siku za mwizi ni arobaini, mimi nilipewa mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu amehadithiwa yote na mke wa Mpima Mrefu, sokoni, mbele ya watu. Asubuhi aliniambia jambo moja tu: nimwambie mama mwenyewe, kabla hajakaa.

Mama mkwe alifika saa sita na akakaa haraka mno. Mwanyumba alikuwa na suti. Nikaanza. Mpango wangu ulikuwa kusema kwamba cheo kimeahirishwa kwa sababu za kiufundi. Mwanyumba akataka kujua ni sababu zipi. Nikaingia kwenye skrini, waya, joto, tume ya wataalamu. Ile tume iliponishinda nikaongeza ya pili ya kuichunguza. Nilikuwa natia chumvi kwenye chumvi. Mke wangu alikuwa anautazama mkeka.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akasema kwamba binti yake huyu alimweleza ukweli Jumatatu ileile, simu ilipokatika. Alijua tangu siku ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini basi amekuja.

"Sikufuata cheo, baba," akasema. "Nimekuja kuuliza nimekukosea nini mpaka uniogope hivyo."

Niliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya ofisini. Kumbe miaka yote hii alikuwa anaulizia kazi yangu kwa sababu alitaka kujua habari za kazi yangu. Nikaomba radhi. Akasema yameisha, akaniongezea chai mwenyewe, mimi mwenyeji.

Wakati wa kuwasindikiza, mwanyumba alinivuta kando. Akaninong'oneza kwamba ile ofisi yake yenye mlango zamani ilikuwa stoo ya mifagio, na mifagio bado imo. Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu tuoe. Mke wangu alinishika mkono mpaka ndani.

Nimeapa mbele yake. Uongo basi. Kuanzia leo sitamwambia mtu yeyote jambo lisilo la kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehamishiwa chumba cha mafaili. Hakuna kompyuta. Msimamizi, yaani Bibi Masijala, amenipokea vizuri kuliko nilivyostahili: kaniletea mto wa kiti na kunionyesha rafu moja baada ya nyingine. Alisema humu hakipotei kitu, mradi kila kitu kirudishwe pake. Mimi ni mtu wa pili sasa. Mtu wa pili ni hatua moja tu kutoka wa kwanza.

Kesho saa tatu Mkuu ana wageni, na ameagiza faili la kiwanja cha soko liwe mezani. Bila faili hilo hakuna kikao. Nikapiga picha kichwani: wote wanakimbia huku na huko, Msimamizi jasho linamtoka, Mkuu anaangalia saa. Halafu mimi, kwa utulivu, naingia nalo mkononi.

Nimelihamisha wakati wa chai. Kiapo changu hakijaguswa, maana sijamwambia mtu yeyote neno lolote.

Na safari hii nimejifunza. Mambo ya siri hayaandikwi. Mafaili humu ni elfu nne na zaidi, yote yana rangi moja, na mahali nilipoliweka sijapaandika popote, si humu wala kwingineko. Nimepakariri. Rafu ya tatu kutoka mlangoni. Au ya tatu kutoka juu. Moja kati ya hizo mbili, na saa tatu bado iko mbali.