Mita Yangu Haidanganyi

Jumatatu, 3 Machi
Miksa ya kwanza imekufa. Kidude chenyewe hakizidi kiberiti, lakini bila hicho mashine yetu haisomi mawimbi ya rada, na Ijumaa wenye rada wanakuja kupimiwa. Zimebaki mbili. Shemeji, mkuu wa karakana, ndiye aliyeniingiza hapa. Kasema ya pili ikifa, aliyeiua ataondoka. Alikuwa ananitazama mimi. Kwani Mama Waya hayupo? Fundi mwenzangu huyu hujifunga waya mkononi, eti umeme wa mwilini ushuke ardhini. Kutwa kafungwa mezani kama mbuzi.

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata. Kabla hajafika nimeipima miksa ya pili kwa mita yangu ya umeme. Mshale umeruka vizuri. Nzima! Nikaandika karatasini saa na dakika. Ikimfia mikononi, ushahidi ninao.
Saa nne kaifunga kwenye mashine. Mashine haikusoma kitu. Nimekwenda mbio kwa Shemeji na karatasi yangu.

Jumatano, 5 Machi
Mama Waya hakubishana. Kaifungua miksa chini ya hadubini. Ndani mna dayodi, kinjia cha umeme chembamba kuliko unywele. Imeungua. Kasema betri ya mita inatosha kuiunguza. Mita inakuambia nzima huku inaiua. Kisha kauliza kwa upole nani aliipima. Karatasi ilikuwa pale mezani, mwandiko wangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.
Shemeji kanipa hadi Ijumaa: kazi ikikwama, nirudishe kitambulisho, na habari atampa mke wangu, yaani dada yake, yeye mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Miksa ya mwisho imo koponi, mezani kwa Mama Waya. Kaandika: USIGUSE. Je, kama nayo ni mbovu? Kesho si nitabebeshwa mimi? Alipokwenda kula, nimetumia akili. Nimejifunga waya wake barabara, ndipo nikapima.
Mshale haukusogea. Nimekwisha. Nimefunika kopo, nikarudi mezani kwangu. Nyumbani nimesema nina mafua.

Ijumaa, 7 Machi
Wenye rada wameingia saa tatu. Mama Waya hakuligusa kopo. Kafungua droo kwa ufunguo, katoa miksa nzima. Kasema ya koponi ni ile maiti ya Jumatatu, kamwekea mtu anayemjua. Rada imesomeka yote.
Kaniombea msamaha kwa Shemeji yeye huyo huyo, tena mbele ya wageni. Aibu niliyoona siisemi. Shemeji kanihamishia stoo, kaniapisha: mita yangu isikaribie miksa iliyo mezani.
Sawa. Ila haki isemwe: maiti, mita ilisema ni maiti. Haikukosea.
Saa tisa zimeletwa miksa mpya sita. Stakabadhi inataka nisaini kwamba zote ni nzima. Ziko rafuni, si mezani. Na mimi sisaini nisichokihakiki. Nimeshapima tano, zote nzima. Imebaki moja.