Lalamiko Kuhusu Kiboko Aliyetiwa Katika Gitaa la Sadala

Nyamisati, Rufiji
Mwezi wa Tano, 1957
Kwa mkono wa dereva wa lori la boriti

Bwana Mhariri,

Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Heshima yangu ndiyo mgonjwa, na kwa ajili yake nakuomba nafasi katika gazeti lako, ukurasa wowote isipokuwa ule wa matangazo ya mafuta ya nywele.

Wasomaji wako wananijua. Watakumbuka barua zangu juu ya bei ya chumvi, juu ya kivuko, juu ya makarani wanaoandika majina ya watu kwa kukisia, na ile ndefu juu ya Warumi ambayo mliikata katikati. Mwezi ujao wakata boriti wa visiwa vya huku watamtuma mtu mmoja kusimama mbele ya Bwana Miti, yule Mzungu wa misitu, amweleze kwa nini vijito viwili vya mikoko anavyotaka kuvifunga, mtu asikate boriti humo, visifungwe. Vikifungwa, nyumba nyingi zitalala bila kuinjika chungu. Neno la namna hii siku zote nimelisema mimi. Sasa naambiwa kuna mashaka, na mashaka yenyewe yameletwa na gitaa.

Nieleze. Mpwa wangu Sadala, mtoto wa dada yangu Biasha, alirudi kutoka Dar es Salaam na gitaa la umeme. Kwetu umeme hakuna, kwa hiyo kila Jumamosi hulipeleka Kibiti, kwenye mashine ya kusaga, ambako mwenye mashine humpa waya kutoka katika injini yake, na watu hucheza dansi mpaka unga uliobaki sakafuni unapanda darini. Gitaa lilikuwa jeusi tupu, kama kitako cha sufuria. Sadala akataka litiwe njumu, yaani ule mti uchimbwe kidogo kidogo na kujazwa vipande vya gamba ving'aavyo, kama bakora za wazee wetu. Akaniuliza atie picha gani. Nikamshauri kwamba urembo usio na maana ni wa masanduku ya bibi arusi. Gitaa la kijana wa Rufiji na liwe na habari moja, toka mwanzo wa shingo hadi mwisho, na habari hiyo iwe Juhudi za Wakata Boriti, na kiongozi wao aonekane akihutubia. Jina la kiongozi sikulitaja. Niliona haya.

Kazi akapewa Mshamu, fundi wa bakora, ambaye ni mtani wangu. Ukoo wake na wangu hutaniana, huoshana maiti na kuzikana tangu enzi za mababu. Wewe ni mtu wa pwani, huhitaji kufundishwa: mtani akikutukana hukasiriki, na akikunyakulia kofia kichwani unacheka na kwenda nyumbani kichwa wazi.

Ni kweli kwamba mwaka jana niliwahutubia wakata boriti nikiwa nimesimama ndani ya mtumbwi. Ni kweli kwamba kiboko aliibuka. Ni kweli kwamba nilihamia juu ya mkoko ili hotuba isikatike. Mshamu ameyatia yote haya katika shingo ya gitaa, na malalamiko yangu ni kama yafuatayo.

1. Kuhusu kiboko. Ametengenezwa kwa gamba la ng'amba, kasa yule wa thamani, naye amefumbua kinywa. Mshamu anawaambia watu kwamba anapiga mwayo. Huu ni uzushi. Mimi nilikuwepo, tena karibu kuliko shahidi mwingine yeyote. Alifumbua kinywa nilipofika kwenye hoja ya tatu, ambayo ni nzito, na hata binadamu wameifumbulia vinywa.

2. Kuhusu mavazi. Kanzu yangu ni ya gamba la chaza. Sina ugomvi nayo, inang'aa vizuri. Miwani ni waya wa shaba uliotolewa kwenye taa iliyokufa. Lakini tarbushi yangu ni kipande cha mpini wa mswaki mwekundu. Mswaki wenyewe ulikuwa wa Mshamu, nami nimewahi kuuona kazini.

3. Kuhusu mahali aliposimama mchoraji. Nimesoma habari za wafalme wengi na kutazama sarafu zao. Wote wanaangalia pembeni, wametulia, na hakuna hata mmoja aliyechorwa kutokea chini. Mimi nimechorwa kutokea chini, kama kiboko alivyoniona. Kulikuwa na nafasi tele ya kusimama kwingine.

4. Kuhusu muziki, na hili ndilo zito. Kidole kikiwa mwanzo wa shingo ya gitaa, sauti hunguruma. Kadiri kinavyosogea kuelekea tumboni, sauti huwa nyembamba. Mshamu alilijua hilo akapanga picha zake kwa uadui. Kiboko yuko kwenye ngurumo. Kisha mtumbwi, kisha mizizi ya mkoko, kisha mimi shinani, kisha mimi kwenye tawi la kwanza, na mwisho kabisa, mahali ambapo gitaa hulia kama mtu anayeomba ngazi, mimi kileleni na karatasi yangu mkononi. Sadala akianza chini, Kibiti nzima hunguruma pamoja naye. Vidole vikianza kusogea, watu hushangilia, "Panda, baba, panda!" Vikifika juu, wanawake hupiga vigelegele. Nilimwomba Sadala apige nyimbo zisizopanda. Akanijibu kwa adabu zote: "Mjomba, wimbo usiopanda tunao tayari, ule wa mashine."

5. Nilijaribu kuibandua picha kwa kisu cha jikoni cha mke wangu Mwanahawa. Nilivunja kisu. Mshamu amegandisha kila kipande kwa sandarusi, ile gundi ya miti iliyochimbwa katika ardhi yetu ikapelekwa Ulaya kung'arishia magari ya wakubwa. Magari ya wakubwa yamekwisha kuoza. Mimi ningali nimeshikwa mtini.

6. Nilikwenda kulalamika kwa mzee mmoja wa baraza, jina nalisitiri. Akataka kielelezo. Sadala akaleta gitaa. Mzee akataka lipigwe, ili apime madhara. Pasipo umeme likanong'ona tu, lakini mzee alisogeza sikio, akafuatisha vidole kwa macho toka kwenye maji hadi kileleni, akaomba lirudiwe. Baadaye alifuta machozi kwa ncha ya kilemba akasema hukumu ya utani haimo katika kitabu chochote alichopewa na Serikali. Nami nikamwambia kwamba kitabu kisicho na utani kimeandikwa na mtu asiyewahi kufika Rufiji. Alikubaliana nami. Nilishinda hoja na kushindwa kesi.

7. Wiki iliyopita nilisimama bandarini kuwaeleza wakata boriti habari za vile vijito. Sikumaliza hata salamu. Maneno, mkata boriti ambaye ana mdomo mkali kuliko shoka lake, alikwenda kuukumbatia mkoko mmoja ufukweni, akautikisa kuupima, akaniita, "Njoo huku, baba. Huu una matawi ya kutosha hotuba nzima." Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha mzigo majini. Bwana Mhariri, mtu hawezi kutetea vijito mbele ya watu wanaomchagulia matawi.

Kwa sababu hizo, naiomba Serikali kupitia kwako ifanye yafuatayo bila kukawia. Mtani asiruhusiwe kushika patasi, tupa wala msasa ila kwa leseni, kama ya bunduki. Kila gitaa linaloshushwa Dar es Salaam likaguliwe shingo. Umeme usiletwe Rufiji hadi watu wake watakapothibitisha kwamba hawataufanyia mzaha. Viboko wazuiwe kuhudhuria mikutano isiyowahusu. Na kwa kuwa maradhi hutibiwa kwenye mzizi, utani wote usimamishwe kwa sheria toka Kibiti hadi baharini, jina langu lisitamkwe ila kwa heshima, na kila anayekufa azikwe na watu wanaomheshimu na si hawa wanaoimba matusi mbele ya jeneza.

Nisalimie wapangaji wa herufi, msahihishaji, mchora ramani ikiwa bado yupo, na yule bwana aliyewakata Warumi wangu. Mwambie nimemsamehe kidogo.

Wako katika kudai haki, huku miguu yake yote miwili ikiwa ardhini,

Abdulkarimu bin Mwinjuma

Baada ya kutia sahihi: Mvua imelikwamisha lori, kwa hiyo barua imelala kwangu, na kumetokea mambo.

Niliwatangazia watu kwamba nimempeleka Mshamu gazetini. Juzi akaja. Alivaa kanzu safi, akavua viatu mbali na mlango, akanipa mkono wa kulia akiushikilia kwa wa kushoto. Akasema, "Bwana Abdulkarimu, nimekukosea. Picha nitaichimbua yote, na sitakutania tena." Hakutabasamu. Aliniita Bwana. Alikunywa maji, akashukuru, akaondoka kinyumenyume kama mtu atokaye kwa Liwali.

Nikaenda uani kumwambia Mwanahawa kwamba nimeshinda. Hakuacha kupepeta mchele wake. "Umeshinda, baba Fatu," akasema. "Sasa tafuta na wa kukuosha siku yako."

Jana nilishuka bandarini. Hakuna aliyecheka. Walinipisha njia kama wanavyompisha mtoza kodi, na Maneno, yuleyule, akainamisha kichwa akaniita Bwana Mkubwa, jina ambalo huku tunampa Bwana Miti peke yake. Kisha wakanieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko kelele zao zote, kwamba wanatafuta mtu mwingine wa kuwasemea. Mtu ambaye hata mtani wake hawezi kumwambia kitu, walisema, akikosea mbele ya Mzungu nani atamvuta kanzu?

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Mshamu. Alikuwa amelilaza gitaa magotini, patasi ikiwa juu ya miwani yangu. Hakuinua macho, aliniambia tu, "Karibu, Bwana." Nikasimama mlangoni pake, mbele ya wakeze wote wawili na mgeni mmoja kutoka Nyamwage, nikamwambia kwa sauti kwamba masikio yake peke yake yangetosha kuezeka msikiti, na mvua isingepita.

Alipuliza vumbi la gamba juu ya miwani yangu. Akapuliza tena, nikadhani nimechelewa. Kisha akaiweka patasi chini.

"Na fundi wa kupanda kuezeka," akasema, "si ndiye wewe?"

Mkewe mkubwa ndiye aliyeanza kucheka, na mgeni wa Nyamwage akafuata bila kujua sababu. Picha imebaki. Wakata boriti wamenirudishia neno, na nitasimama mbele ya Bwana Miti kwa ajili ya vijito vile, Maneno akiwa nyuma yangu tayari kunivuta kanzu.

Ningeichana barua hii. Lakini nimeisoma tena, na imeandikwa vizuri mno. Basi ichape yote, neno kwa neno, ila mwisho ondoa jina langu uweke hili: Mshamu bin Tamimu, fundi wa bakora. Atakuja kuikana mpaka ofisini kwako. Mpe kiti, mpe chai, na usimwamini.