Yesi, Matroni!

Jumatatu, 5 Agosti 1968
Hatimaye wamenitambua! Mimi Naftali, mkalimani wa hospitali hii ya misheni, nimepewa darasa. Wanafunzi wa uuguzi wanasomeshwa kwa Kiingereza, na wengi wao Kiingereza kinawapita juu. Matroni anataka wasaidiwe kabla mtahini hajaja. Wakifaulu, ile nyumba ya bati karibu na kanisa ni yangu. Kufundisha lugha nzima nani ana muda? Nimebuni njia ya mkato. Mzungu akiuliza lolote, wajibu kwa sauti: "Yesi, Matroni!" Wameimba darasa zima. Nadhani hadi kijiji cha Ulemo wamesikia.

Alhamisi, 8 Agosti
Balaa. Jana Matroni alimwagiza Magdalena, yule msichana wa Mgori, kwamba Mzee Alute asipewe chochote mdomoni mpaka apasuliwe ngiri. Magdalena akajibu: "Yesi, Matroni!" Asubuhi akampa uji. Bakuli la pili Mzee aliomba mwenyewe. Daktari wa upasuaji, aliyekuja na Landrova kutoka mbali, amegeuza gari akarudi. Mzee amebaki na ngiri yake, anaugulia. Magdalena analia, Matroni anataka kumrudisha kwao. Nimewaeleza kwamba matamshi ya binti yalikuwa safi kabisa. Hakuna aliyenishukuru.

Ijumaa, 9 Agosti
Wizi! Muuguzi Mwanabaraka, binti wa mwenye duka mjini Singida, amemwambia Matroni kwamba msichana asifukuzwe kwa kosa la kufundishwa kukubali kila kitu. Matroni amekubali asubiri mtihani. Halafu Mwanabaraka amechukua wanafunzi wangu wote! Jioni wanaigiza, mmoja mgonjwa, mwingine muuguzi. Wanaelezana kwa Kiswahili kwanza, ndipo Kiingereza. Na sentensi ya kwanza aliyowafundisha? "Sijaelewa, tafadhali rudia polepole." Kufundisha watu watangaze ujinga wao kwa Kiingereza! Azimio limetangazwa mwaka jana tu, tayari tuna mnyonyaji wa wanafunzi wa wenzake. Nimemwambia hivyo usoni. Amejibu, "Kaka Naftali, Mzee Alute anakuulizia." Sikwenda.

Jumanne, 13 Agosti
Nimemkuta Magdalena akianua mashuka. Nimempa mpango: siku ya mtihani nitasimama nje ya dirisha. Nikikohoa mara moja, ajibu yesi. Mara mbili, noo.
"Mwalimu, na kama swali halitaki yesi wala noo?"
Nikamwambia hapo nitakohoa sana. Akainamisha kichwa, akaondoka na mashuka yake. Nimechukulia amekubali.

Alhamisi, 15 Agosti
Mtihani. Mtahini akamuuliza Magdalena jambo refu kuhusu mgonjwa anayetapika. Nikakohoa. Hakugeuka. Nikakohoa kwa nguvu zangu zote. Msichana akamtazama mtahini na kumwambia kwamba hajaelewa, tafadhali arudie polepole. Nikafumba macho. Basi, kwao Mgori huyo!
Mtahini akarudia. Magdalena akajibu yote: amlazeje, apime nini, amwite nani. Mtahini akasema angependa muuguzi wa namna hiyo amtunze mama yake. Mimi sikusikia zaidi, kwa sababu Matroni alikuwa ameshanishika bega. Nimelazwa wodi ya kifua. Wanachunguza makohozi yangu. Mwenye afya zake!

Jumamosi, 24 Agosti
Wameniruhusu. Kifua hakina kitu, kama nilivyowaambia tangu mwanzo. Magdalena anabaki shuleni. Daktari wa upasuaji alirudi, Mzee Alute amepasuliwa salama. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba huku akitazama ukuta. Darasa wamempa Mwanabaraka, na nyumba pia! Mimi nitamfundisha Kiswahili daktari mgeni kutoka Ulaya. Angalau mmoja ataonja elimu yangu.

Jumatano, 28 Agosti
Daktari ni hodari, anashika upesi. Kiswahili ni kipana, sikutaka kumchosha. Nimemwelekeza mgonjwa akimsemesha atabasamu na kuitikia kwa kichwa. Leo asubuhi mama mmoja amemuuliza kama sasa wanaweza kwenda nyumbani. Daktari ametabasamu, ameitikia kwa kichwa. Vizuri mno! Wodi ya akina mama imebaki vitanda vitupu. Mwanabaraka yuko barabarani anawarudisha mmoja mmoja, huku ananitaja jina kwa sauti.
Wivu tu!