Kisamvu Nilichokataa Kukionja

Wenzangu wa bweni, leo nimeadhirika Mpapura, mchana kweupe, mbele ya kijiji cha ujamaa.

Jana sikupata usingizi kwa swali moja: je, ikiyeyuka vizuri mno? Mnaikumbuka ile steroli ya mimea, unga mweupe unaotolewa kwenye mafuta ya mbegu. Tumboni unachukua nafasi ya lehemu, yale mafuta yanayoziba mishipa, lehemu ikakosa njia ya kuingia kwenye damu. Ukiliwa mkavu, unajikusanya mabonge na kupita bure. Ukiyeyushwa katika mafuta ya moto, unaenea. Hilo ndilo nililotumwa kulijaribu. Lakini ukienea mno, hautapenya wenyewe kwenye damu? Hautaondoka na vitamini za watu? (Niliwahurumia hata kuku watakaodonoa makombo.)

Mkubwa wangu wa kazi pale Mtwara alikuwa amesema wazi: nisipopata watu wa kula, kopo la unga linarudi Dar es Salaam, nami narudi nalo.

Basi asubuhi nikauyeyusha unga katika mafuta ya karanga, nikachanganya na kisamvu, nikapakia sufuria kwenye Landrova.

Nilipokewa vizuri. Bibi Somoe, kiongozi wa akina mama, alitandika mikeka, ugali wa muhogo ukaletwa. Nikaeleza, wakakubali. Nikafunua sufuria. Njiani kisamvu kilikuwa kimepoa, na unga umeganda juu, vipande vyeupe kama nta ya mshumaa. Watu wakachungulia.

Bibi Somoe akapakua, akanisogezea bakuli. "Haya mwanangu, toa uchawi."

Mnaijua desturi. Aliyeleta chakula huanza yeye, ili wengine wale kwa amani. Hata kwetu Songea ipo. Tonge moja tu, mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimejiapiza kwamba mchunguzi haonji, asije akaharibu matokeo.

"Samahani bibi," nikasema, "mimi siruhusiwi kula hiki."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.)

Mikono yote ikarudi mapajani. Nikaona nirekebishe. Nikawaambia wasiwe na hofu, usalama wake bado unachunguzwa. Mzee Chilumba, mjumbe wa nyumba kumi, akavuta mkeka wake nyuma. Mama mmoja akaufunika ugali kwa kanga.

"Hayo mafuta mabaya," Bibi Somoe akauliza taratibu, "wanayo akina nani?"

"Wanaokula sana nyama na siagi, bibi."

"Si ungewapelekea wao? Sisi nyama tunaionea Idi."

Walicheka hadi wakakohoa. Kisha wakaanza kuinuka. Nikaliona kopo linapanda basi, na mimi pembeni yake. Na hapo ndipo nilipojiuliza jambo ambalo usiku kucha halikunijia: kama siwezi kukila mimi, nimemletea nani?

Nikanawa mikono, nikaufunua ugali. Nikamega tonge kubwa, nikachovya penye weupe kuliko pote, nikala. Nikamega lingine. Nikala hadi bakuli likabaki tupu.

Mzee Chilumba akaketi tena, akanikagua usoni. Akasema kijiji kimekubali jaribio, ila wataanza kwa kunichunguza mimi. Nikiamka mzima kesho, watakula.

Kwa hiyo nalala Mpapura. Wanapita mmoja mmoja kunitazama. Bibi Somoe ameshaniuliza kama nimepata choo. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba bado, naye amewatangazia wenzake.

Tafadhali msicheke. Anayechunguzwa anahitaji utulivu.