Uzinduzi wa Uwanja wa Watoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, Naibu wangu, Katibu wa Naibu wangu, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Bembea na wa Kamati Kubwa inayoisimamia, walimu wakuu na walimu wa kawaida, wazazi, nanyi watoto mliosimama juani tangu saa mbili asubuhi: itifaki imezingatiwa, kaeni. (Hakuna viti. Wanakaa vumbini.)

Ndugu wananchi, upembuzi yakinifu uliofanywa na wataalamu wetu katika hoteli tatu tofauti umebainisha, pasi na shaka, kwamba mtoto anayecheza hula vizuri, hulala vizuri na hushika masomo upesi, na kwamba asilimia tisini na saba ya watoto waliotafutwa wahojiwe hawakupatikana, kwa kuwa walikuwa wamekwenda kucheza. (Makofi ya jukwaa kuu.)

Mwalimu, hebu wazuie hao wa nyuma! Mimi nazungumzia mchezo, wao wanacheza. Adabu gani hiyo? (Mwalimu anawaketisha.)

(Mama fundi cherehani anasimama: “Mheshimiwa, tangu mgeuze kiwanja chetu maegesho, watoto wanachezea barabarani! Juzi lori limemkosakosa mwanangu!”)

Ahsante mama, hoja nzito. Kukwepa lori hujenga wepesi wa viungo, na wepesi ni kiashiria namba nne katika mpango mkakati wetu. Tena umesema limemkosa. Hayo ni mafanikio, Katibu, andika. (Vicheko jukwaani. Mama hacheki.) Na magari yale ni ya kamati ya michezo, kwani kamati isiyo na magari itawafikiaje watoto?

(“Si tuko hapa hapa!” anajibu mama. Mgambo anamsogelea.)

Mwacheni, huo ndio ushirikishwaji wa wadau. Sasa tuitikiane. Michezo! (“Afya!”) Watoto! (“Kwanza!”) Kamati! (Kimya.) Nimesema, Kamati! (Naibu, peke yake: “Juu!”)

Mwisho, namshukuru fundi rangi aliyeuchora uwanja huu wote ukutani hapa nyuma yangu, nyasi, magoli na bembea, kwa ustadi uliotukuka, hata tukaona hakuna haja tena ya kuujenga. Nampa pole binti mwenye kitambaa kichwani, pale mbele, aliyeikimbilia bembea asubuhi akapasuka paji la uso. Mwanangu, usilie. Katika ripoti yetu, wewe ndiye mnufaika wa kwanza.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.