Simu Zote za Naftali Ziende Getini

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Iandikwe na ihifadhiwe: leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, simu mpya ya mezani katika loji yetu hapa Karatu imeita kwa mara ya kwanza katika historia, na aliyeipokea ni mimi, Patrisi. Nilisafisha koo. Nikataja jina la loji lote, bila kubakiza herufi. Alikuwa fundi, chumba cha pili, anajaribu kama inaita.

Inaita!

Simu kumi na moja. Zote zinapita kwenye waya wa intaneti, na kila moja ina kioo kinachoandika jina la anayepiga. Saa nane fundi akarudi zake Arusha, akaacha neno la siri la mtambo kwenye karatasi. Meneja wetu, Mama Germana, akauliza nani anayajua mambo haya. Naftali wa bukingi, anayepanga nafasi za wageni, akasema ana cheti. Mimi nikasema nimeshaanza. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi Mama Germana anamtangaza Msimamizi wa Mapokezi. Kiti kinachozunguka. Beji! Ni mimi au Naftali. Ningesubiri kwa utulivu, ila juzi nilipokuwa nyumbani Qurus nilimwambia mama yangu cheo nimeshapewa. Mama akakitangaza jumuiyani. Wamekiombea. Sala ikishakwenda utairudishaje?

Kazi yangu ya kwanza: simu ya kibanda cha getini. Loserian, mlinzi wetu, aliomba aitumie kumpigia kaka yake aliyeko kijijini Arash kuhusu ndama. Nikaifunga palepale. Inapokea tu, haipigi. Mtambo bila nidhamu ni gulio.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Wazo! Mtu hasikilizi nani anaongea, anatazama kioo kimesema nani. Na jina la kwenye kioo mtu hazaliwi nalo, linaandikwa. Nimefungua ukurasa wa mtambo, nikaiandika simu yangu: OFISI YA MENEJA.

Nikampigia Naftali. Kupitia dirishani nikamwona akisimama. Akafunga kifungo cha shati. Akavua kofia! Akapokea kwa sauti ya mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Nikabana pua, nikamwambia ofisi inataka kujua taulo za bwawa la kuogelea ziko ngapi. Akatoka mbio na kalamu. Alifika mpaka kwenye migomba ndipo akakumbuka kwamba hatuna bwawa.

Nimecheka mpaka nimelalia kitabu cha wageni.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Maafa. Jana chini ya lile jina kulikuwa na kisanduku kidogo, kitupu. Nilikionea huruma, nikakipiga tiki. Kumbe ndicho kinachoamuru jina liende kwenye simu zote mtambo ukiwashwa upya. Alfajiri umeme ukakatika, ukarudi, mtambo ukawaka na kutii.

Simu zote kumi na moja ni OFISI YA MENEJA. Dobi alipiga jikoni kuomba chumvi ya kutolea doa. Selina mpishi akapokea amesimama wima, akapeleka kilo mbili na chai juu. Mtu wa bustani akampigia dobi. Dobi akaomba msamaha kabla hajaulizwa, akaungama na shuka lililoungua mwezi wa tatu ambalo hakuna aliyekuwa na habari nalo. Halafu Mama Germana akapigiwa na Ofisi ya Meneja. Hakupokea. Alisema siku atakayoanza kujipigia mwenyewe, watu wamfuate padri.

Nikaitwa. Nikaeleza kwamba mtambo bado ni mgeni, unajifunza majina ya watu. Nikarekebisha kwa dakika nne, nimekunja uso kama daktari wa upasuaji. Akanisifu mbele ya Naftali! Akasema huyu hana cheti lakini kichwa anacho. Naftali akanong'ona kwamba hata njiti ya kiberiti ina kichwa, na kazi yake ni kuunguza. Wivu huo.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Kesho ndiyo kesho. Bi Laurencia, wakala wa safari wa Arusha, atapiga kupanga wageni arobaini wa Agosti wanaokwenda kreta. Mama Germana amesema wazi: atakayewanasa hao ndiye Msimamizi. Na Bi Laurencia humpigia Naftali.

Basi simu ya Naftali isiite! Mtambo unaweza kudaivati: simu inapigwa kwake, inalia kwingine, yeye anabaki anapepea nzi. Ilie wapi? Kwangu? Watanishuku. Nikafikiri mpaka chai ikapoa. Getini!

Loserian hana haraka na mtu. Kwao mazungumzo hayaanzi na shida. Zinaanza habari, na habari zinaliwa zote mpaka sahani iwe tupu: mvua, majani, watoto, ng'ombe, aliyeugua, aliyepona. Ndipo unaulizwa umekuja kwa lipi. Nilimwona akisalimiana na mwenzake wa Loliondo mpaka injini ya gari lililomleta ikapoa. Bi Laurencia ni mtu wa mjini. Atakata dakika ya kwanza, atapiga mapokezi anafoka, nami nitampokea kwa asali.

Saa kumi nikabonyeza: simu zote za Naftali ziende getini. Nikamwambia Loserian mtambo utamletea simu moja moja, apokee tu. Akauliza aseme nini. Nikamwambia aongee kama wanavyoongea kwao. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema tangu aje Karatu kila mtu humwambia afupishe.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Saa tatu taa ya Naftali ikawaka kwenye simu yangu. Imekwenda getini! Nikaweka mkono tayari kupokea hasira. Dakika moja. Tano. Kumi na nane! Huyu mama ana subira ya kuku anayeatamia. Nikatoka, nikatambaa nyuma ya ua wa michongoma mpaka kibandani.

Loserian anamwuliza Bi Laurencia mguu wa mama yake unaendeleaje. Mguu! Ina maana ameshaelezwa mguu. Anampa pole. Anampa dawa. Anamweleza ndama wa Arash. Anamweleza ukungu wa leo umeshuka mpaka wapi, njia ya kreta inateleza kona gani, madereva wake wapunguze mwendo wapi. Halafu akacheka, na kwenye simu nikasikia mtu mwingine akicheka.

Dakika arobaini na mbili. Mapokezi hakupiga mtu.

Naftali ameshinda akiitazama simu yake kama mtu anayesubiri jibu la posa. Angalau hilo.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Tulikusanywa chumba cha kulia. Nilivaa tai.

Mama Germana akasema Bi Laurencia amempigia yeye mwenyewe, jana jioni. Wageni si arobaini tena, ni sitini, na wa Septemba juu. Amesema miaka kumi na moja anapiga simu maloji, na hakuna aliyewahi kumwuliza habari za nyumbani kwake akasubiri jibu. Anataka kujua yule bwana mpya wa bukingi anaitwa nani.

Anaitwa Loserian.

Loserian akaulizwa ilikuwaje. Kwa kuwa hajui kusema uongo, akasema Patrisi ndiye aliyemletea simu na kumwambia aongee kama kwao. Nikapigiwa makofi! Mama Germana akasema jicho zuri huona mtu pale ambapo wengine wanaona geti. Moyo ukapanda mpaka kwenye tai. Beji ilikuwa mkononi mwake. Akampita Naftali. Akanipita mimi. Akaibandika kwenye shuka la Loserian.

Loserian amekubali kwa sharti moja, rungu abaki nalo. Kiti kinachozunguka amekikataa, anasema kinampa mgeni kisogo. Naftali amepewa neno la siri, kwa kuwa ana cheti. Mimi nimepewa geti. Mama Germana anasema pengo nimelifungua mwenyewe.

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni

Asubuhi njema kuliko zote! Mama amenipigia kwenye simu yangu ya mkononi. Jumuiya nzima inakuja Jumapili ijayo kumwona Msimamizi. Watu ishirini na wawili, na jogoo. Nimemwambia waje, wala hawatahangaika kunitafuta, mimi ndiye wa kwanza kumpokea kila mgeni wa loji. Na ni kweli tupu. Kisha simu yangu ikaishiwa chaji.

Kosa langu nimeshaligundua: nilidaivati kwa mtu anayependa watu. Ningepeleka kwa dobi. Sirudii.

Mpango mpya uko tayari. Nampigia Naftali kutoka hapa kibandani. Nabana pua. Nadai neno la siri kwa niaba ya ofisi. Atasimama, atavua kofia, atalitaja. Kufikia Jumapili, kila nikipiga, vioo vyote vitaandika MSIMAMIZI, na jumuiya itasoma kwa macho yake. Sauti nimeifanyia mazoezi tangu alfajiri. Pua nimeibana. Simu nimeinyanyua.

Simu ya getini inapokea tu. Haipigi.