Mtungi Ulioandikwa Tupu

Kwa Meneja wa Vifurushi,
Mabasi ya Jirani Mwema,
Arua.

Ndugu Acidri,

Natumaini barua hii inakukuta ukipumua vizuri, bila msaada wa mtu.

Mimi ni Sulaiti wa Koboko. Mjukuu wangu Zuhurah yuko Kampala. Keshokutwa anapanda ndege kwenda pwani kufanya mtihani wa kuzamia, ili arudi kuwa mwokoaji wa watu mtoni. Kwa haraka alisahau nyumbani mtungi wake mdogo wa hewa ya akiba, ule ambao mzamiaji huukimbilia mtungi mkubwa ukimsaliti chini ya maji. Leo asubuhi niliuleta kauntani kwenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karani wenu, Binti Scovia, aliutikisa kama kibuyu, akauliza una nini. Nikasema hewa. Akasema, "Mzee, hewa iko hapa mingi. Kampala pia iko. Ya nini kubeba?" Mama mmoja akaongeza, "Wacha mzee atume upepo yake." Foleni nzima ikacheka. Nafurahi kuwa huduma yenu inachangamsha.

2. Kwenye stakabadhi inayobandikwa mtungini akaandika: "Mtungi moja, iko tupu." Ngeli nimemsamehe. Lakini maana yake sijaisamehe. Mtungi ule niliupeleka mwenyewe wiki iliyopita kwa Asiku, fundi wa magurudumu kule mtaa wa Oli, akaujaza kwa pampu ya lori mpaka akaridhika.

3. Ikiwa kisichoonekana ni tupu, dua za abiria wenu mnaziandikaje? Mwaka 1980, tulipovuka mpaka wa Vurra kukimbilia Kongo kwa sababu ya vita, karani mmoja wa mpakani alitazama mikono yangu akaandika, "Hana kitu." Nilikuwa na majina ya majirani wote wa mtaa wetu, nyumba kwa nyumba. Bado ninayo. Wenyewe wengi hawapo.

4. Kwa hekima hiyohiyo, nashauri mabasi yenu yaache magurudumu ya akiba hapa Arua. Njiani magurudumu ni mengi. Kila gari linayo manne.

5. Sikuondoka mpaka Scovia alipolikata neno lile na kuandika "imejaa". Sasa naomba ofisi igonge muhuri juu yake, wajue huko uwanja wa ndege kwamba watu wa Koboko hawasafiri watupu.

Wasalimie madereva, wapakiaji, na yule mama wa upepo.

Wako, ambaye pumzi bado anayo,
Sulaiti

N.B. Zuhurah amepiga simu kabla sijafunga bahasha. Anasema hewa ya pampu ya lori ina moshi na mafuta. Angeivuta chini ya maji, ingemuua. Aliifungulia yote ikatoka siku ileile niliyoujaza, akanyamaza asinivunje moyo. Huko pwani watamjazia iliyo safi. Tena ndege haipokei mtungi uliojaa: wakisoma "imejaa" watamzuia, na mtihani utampita. Tafadhali, kabla basi la kesho halijaondoka, Binti Scovia alirudishe neno lake, kwa herufi kubwa. Alikuwa sahihi. Mwambie hivyo mbele ya foleni.